Vita vya Bomba la Thistlecombe

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Ijumaa tarehe 27 Agosti 1982, bomba la maji lililosimama kwenye kona ya kaskazini ya malisho ya chini ya shamba la Northcott, nje kidogo ya kijiji cha Thistlecombe, Devon, lilikuwa limefungwa na bado lilikuwa likimwaga maji.

Sogeeni basi, enyi mliowahi kusimama mbele ya bomba lisilofungika mkajiona wadogo. Sogeeni nanyi mnaodhani kwamba vita vikuu hupiganwa kwa farasi na mizinga peke yake. Wekeni vikombe chini, zimeni redio. Haya yatakayosimuliwa yalishuhudiwa na watu mia mbili na kumi na mmoja pamoja na mbwa thelathini na wanne, na pale mashahidi walipopingana, yamechukuliwa maneno ya yule aliyekuwa na saa mkononi.

Aliyekuwa na saa mkononi ni Hazel Trevanion. Miezi kumi na moja ya mwaka alikuwa mkutubi wa shule moja ya wasichana mjini Exeter, mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyevaa sweta la kijivu na kuwanyamazisha watu kwa kazi. Lakini juma la mwisho la Agosti likifika, sweta lilibaki msumarini, naye akawa Hazel wa Spana, Mlinzi wa Maji wa Tamasha la Thistlecombe tangu la kwanza hadi hili la kumi na tatu, binti wa fundi wa meli wa Plymouth ambaye hakumwachia nyumba wala shamba, ila spana moja ya chuma yenye urefu wa mkono wa mtoto.

Hazel alilikaza bomba kwa mkono mmoja. Maji yakaendelea. Akalikaza kwa mikono miwili, akauma meno, akasukuma kwa bega kama mtu anayefunga mlango dhidi ya jeshi. Maji yakaendelea, tena kwa sauti ya dharau. Akachuchumaa, akatazama, akajua. Ndani ya bomba lile, chini ya kichwa chake cha shaba, kulikuwa na kipete cha mpira cha kuzibia maji, kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti, na kipete kile, baada ya miaka kumi na miwili ya utumishi, kilikuwa kimekufa.

Ili msikilizaji ajue uzito wa kifo hicho, hana budi kujua kilikuwa kimenywesha dola gani.

Mwaka 1970 watu mia tatu na arobaini walikuja Thistlecombe na magitaa, wakaomba kwa adabu malisho ambayo nyasi zake zilikuwa zimekwisha kukatwa, wakatengeneza lango la shamba lililokuwa limeanguka, wakapewa siku tatu. Jukwaa lilikuwa matrela mawili ya nyasi yaliyoletwa kwa gari kutoka Bristol na kufungwa pamoja kwa kamba. Mvua ilinyesha siku mbili kati ya hizo tatu, na kila aliyehojiwa baadaye alisema hajawahi kuwa na furaha kama ile. Mwaka uliofuata walikuja elfu mbili na mia sita. Mwaka wa 1972, elfu tisa. Na mwaka wa 1973, katika upeo wa utukufu wake, tamasha lilikusanya watu elfu thelathini na moja. Barabara ilizibwa kwa maili kumi na moja, kasisi wa kijiji akapelekwa kanisani juu ya trekta, duka likaishiwa mkate kabla ya saa tatu asubuhi, na akina mama wa kikundi cha kijiji, walipowakuta vijana mia mbili wakioga uchi katika bwawa la bata, walirudi nyumbani wakajadiliana, kisha wakaja na taulo na keki.

Dola hiyo haikuwa na mfalme. Ilikuwa na Duara. Hakuna kitu malishoni kilichochimbwa, kilichohamishwa wala kilichoguswa mpaka watu waketi majanini kwa mzunguko na kukubaliana wote, na neno moja la “hapana” lilitosha kuzuia jambo. Katika Duara alisema yule tu aliyeshika mwiko, mwiko mkubwa wa mti ulioazimwa mwaka 1970 kutoka katika chungu cha dengu cha Bronwen Pugh, mpishi wa Kiwelishi, ambaye tangu siku hiyo anakoroga dengu kwa mpini wa jembe. Duara ndilo lililowafanya watu waipende Thistlecombe, kwa sababu kila mmoja alijiona mwenye nyumba. Na Duara ndilo lililoiangusha. Mwaka 1974 liliulizwa vyoo vichimbwe upande gani, kaskazini au kusini, likakaa siku tatu mchana kutwa, mtu mmoja akasema hapana kwa kaskazini, mwingine akasema hapana kwa kusini, na havikuchimbwa. Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji kuandikwa.

Mwaka 1975 walikuja elfu kumi na mbili. Mwaka 1976 ulikuwa wa ukame. Mwaka 1977 walifika vijana waliojitoboa masikio kwa pini, wakasikiliza nusu saa, wakacheka, wakaondoka. Wazee wa tamasha walitoa sababu nyingi za kudidimia, nyingi zikiwa za kinyota. Sababu inayothibitika ni kwamba watu walizaa, wakapata kazi, na migongo ikaanza kuuma kwa kulala chini. Bendi kuu ya mwaka huu wa 1982, iliyoitwa Mizizi ya Mwezi, ilikuwa na wanaume wanne, wawili kati yao wakiwa madaktari wa meno.

Hazel alizijua hesabu hizo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyehesabu vichwa langoni. Alikwisha kukubali kwamba tamasha litakufa. Life kwa uzee, polepole, watu wakipungua mpaka abaki mmoja na gitaa lake: hilo lilikuwa sawa. Lakini lisife kwa bomba. Na lisifie mikononi mwa Mlinzi wa Maji.

Saa nne na dakika thelathini na tano, Ivy Northcott alishuka kutoka bandani. Ivy, mwenye ng'ombe sitini na watatu na miaka sitini na minane, mjane, bibi wa malisho ya juu na ya chini, alivaa buti za mpira na koti la marehemu mumewe, na mkononi alikuwa na jani moja lililolowa.

“Habari za asubuhi, Mama Northcott,” alisema Hazel.

“Za asubuhi zimeshaharibika. Hori langu la juu limekauka. Nimetia mkono, nimetoka na hiki.” Akaonyesha jani.

“Ni bomba, Mama. Halifungi. Linavuta maji yote huku chini, hayapandi kwako.”

“Naliona. Sijawa kipofu.” Ivy aliliangalia bomba kwa muda, kisha akamgeukia Hazel, akatamka maneno ambayo Hazel aliyakariri baadaye neno kwa neno. “Sikiliza, mwanangu. Mimi na nyimbo zenu hatuna ugomvi. Mwaka ule wa sabini na tatu mlilala mpaka kwenye banda la ndama, nikanyamaza. Mmenivunjia ua mara tatu, nikanyamaza. Lakini ng'ombe akitoka kukamuliwa anataka maji, na ng'ombe mwenye kiu hana falsafa. Leo nakamua saa tisa na nusu. Wa kwanza atatoka saa kumi kasoro robo. Akikuta hori kavu, hema zishuke leo leo, kabla jua halijazama, na msirudi tena. Nimezeeka, Hazel. Siwezi kubebea ng'ombe ndoo kwa ajili ya gitaa.”

“Gitaa la kwanza ni saa kumi na mbili jioni.”

“Basi litapigiwa barabarani. Spana unayo?”

“Ninayo.”

“Sasa unangoja nini?”

Hazel alitazama nyasi. “Duara, Mama.”

Ivy alimtazama kama mtu anavyomtazama ndama aliyekwama kichwa ndani ya ndoo. “Mungu akusaidie,” akasema, akapanda zake.

Saa tano kamili Duara liliketi. Kati ya watu mia mbili na kumi na mmoja, walioketi walikuwa themanini na saba. Waliobaki walikuwa bado wamelala au wanatafuta mbwa. Hazel alishika mwiko wa kwanza, akaeleza jambo lake kwa sentensi nne: kipete kimekufa, maji hayapandi, ng'ombe watakosa, tutafukuzwa. Akaomba ruhusa ya kulifungua bomba. Akautoa mwiko.

Mwiko ukaenda mikononi mwa Peregrine Lyddon.

Ewe uliyesikia habari za majabali ya vita, za tembo waliovishwa chuma na minara iliyosukumwa juu ya magurudumu, hujaona kizuizi mpaka umwone Peregrine amesimama na mwiko. Alikuwa mrefu, na ndevu zake zilifika kifuani. Alibuni jukwaa la mwaka 1970, ambalo lilianguka mara moja tu. Na miguuni alivaa viatu alivyojikatia mwenyewe kwa tairi la gari lililobeba jukwaa hilo, viatu vya mpira mzito kama vile wavaavyo wachunga ng'ombe wa nchi kame, ambavyo hakuvivua hata alipomwoa mke wake wa pili. Alifumba macho.

“Ndugu zangu,” alianza, “watoto wa nyota moja. Maji haya yalitoka baharini. Yakapanda mbinguni, yakashuka juu ya vilima vya Dartmoor, yakalala chini ya mawe kwa miaka mia, hayakumsumbua mtu. Leo yamefika kwetu, yanasema: niacheni nitiririke. Na sisi, sisi tuliokuja hapa kukimbia kila kufuli na kila kifungo, tutakuwa wa kwanza kuyatia pingu? Nani kati yetu ameyauliza maji? Hazel, dada yangu, wewe umeyauliza?”

Hazel hakuwa na mwiko, hivyo hakujibu. Mwanamke mmoja mwenye shela la zambarau alilia kidogo.

Peregrine alisema kwa dakika thelathini na mbili. Saa sita kasoro dakika ishirini alifumbua macho, akasema, “Hapana,” akauachia mwiko uendelee.

Sheria ilikuwa wazi. Hapana ile ingekuwa na nguvu pale tu Duara litakapofungwa, na Duara hufungwa pale tu mwiko unaporudishwa katikati na kulazwa chini. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na haki ya kusema, na wengi waliitumia. Mmoja alisimulia ndoto aliyoota juu ya mto. Mmoja aliuliza kama ng'ombe nao hawana haki ya kuketi Duarani. Mmoja, aliyekuja mara ya kwanza, aliuliza vyoo viko wapi, na wakongwe wote wakatazama chini.

Saa saba na dakika arobaini Hazel aliinuka. Sheria iliruhusu mtu kuinuka kwa haja mbili: chakula, na ile nyingine ambayo Duara la 1974 lilishindwa kuitafutia mahali. Alikwenda kwenye moto wa Bronwen Pugh, ambaye hakuwa ameketi Duarani tangu mwaka 1971 na hakukusudia kuketi tena.

“Wewe,” alisema Bronwen, akimpakulia dengu. “Utangoja hapo mpaka maji yafike Exeter?”

“Duara halijafungwa.”

“Duara! Hebu nitolee. Duara lenu nimelifahamu. Watu wazima themanini wanabishana kama bomba lina roho.”

“Sheria ni sheria, Bronwen.”

“Ndiyo, na mwiko ni wangu. Unajua mara ya mwisho nilikaa mle lini? Siku ya yule mshairi wenu, yule wa kofia. Alishika mwiko saa nne nzima, hasemi neno. Saa nne! Dengu zangu zinaungua, mimi nimesimama namtolea macho, na hakuna anayethubutu kumnyang'anya. Eti kimya chake nacho ni hotuba! Wakapitisha kabisa: mwenye mwiko hata akinyamaza, bado anasema. Nikasema basi, mimi kwaheri.”

Hazel alikuwa ameinua kijiko. Kijiko kikasimama hewani.

“Rudia,” alisema.

“Nini? Kwaheri?”

“Kabla ya hapo.”

“Mwenye mwiko hata akinyamaza...” Bronwen aliacha. Alimtazama Hazel, akauona uso ambao wasichana wa Exeter waliujua na kuuogopa, uso wa mkutubi aliyekumbuka rafu. “Hee,” alisema taratibu. “Shetani mkubwa wewe.”

“Unayo maji ya moto?”

“Birika zima.”

“Lete kwenye bomba saa nane na nusu. Na kisu kikali.”

Saa nane kasoro dakika mbili mwiko ulimfikia Hazel Trevanion. Mwanamke mwenye shela la zambarau alimpa kwa mikono miwili. Hazel akasimama. Alilitazama Duara lote, kichwa baada ya kichwa, na wale themanini na sita walioketi wakamtazama yeye, naye akatoa hotuba ambayo Thistlecombe haijasahau.

“Ndugu zangu,” alisema. “Nina machache ya kusema, na nitayasema kwa mikono.”

Akauchomeka mwiko katika mkanda wa suruali kama upanga. Akachukua spana. Akaanza kutembea.

Hapo Duara liliingia katika mtihani ambao halijawahi kuupata. Kwa upande mmoja, hakuna aliyeweza kupinga, maana hakuna aliyekuwa na mwiko. Kwa upande mwingine, sheria ya pili ilisema kwamba Duara humzunguka mwenye mwiko. Walitazamana. Peregrine, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa kuheshimu sheria, ndiye aliyesimama wa kwanza, akajisogeza, wengine wakafuata, na mzunguko wa watu themanini na sita ukaanza kuteleza juu ya malisho kama sufuria isiyo na kitako, Hazel akiwa katikati, walio mbele wakitembea kinyumenyume.

Alikwenda kwanza kwenye koki kuu, iliyokuwa chini ya kifuniko cha chuma kando ya ua. Na koki ile ilikuwa na walinzi. Majani yawashayo, marefu hadi kiunoni, yalisimama safu kwa safu, na hayakuwa yamefyekwa tangu enzi za marehemu Bwana Northcott. Hazel alivaa buti. Wengi wa Duara walikuwa miguu mitupu. Waliingia hata hivyo, nusu ya mzunguko ndani ya majani, wakikunja nyuso, wakipumua kwa meno, na mpaka leo kuna ubishi kati ya mashahidi kama sauti ya “sss” inahesabika kuwa ni kusema. Hazel aliinua kifuniko, akazungusha koki mara saba kuelekea kulia. Saa nane na dakika ishirini na moja, malishoni pote, maji yalikoma.

Sasa hata tone moja halingeweza kupanda kwa ng'ombe, na saa ilikuwa imeanza kukimbia.

Kisha akalikabili bomba lenyewe. Chokaa ya miaka kumi na miwili ilikuwa imekishika kichwa chake kama saruji. Hazel aliweka spana, akavuta. Hakikusogea. Akavuta kwa uzito wake wote, spana ikachomoka, vidole vitatu vya mkono wa kulia vikagonga shaba na kuchubuka, na Mlinzi wa Maji akatamka neno ambalo kwa bahati alikuwa na mwiko wa kumruhusu kulitamka. Bronwen alipenya kati ya watu na birika lake. Alimimina maji ya moto juu ya kichwa cha bomba, polepole, mvuke ukapanda, chokaa ikatoa mlio mdogo kama wa yai linalopasuka.

“Vuta sasa,” alisema Bronwen.

Watu themanini na sita waliweka vidole midomoni.

“Mimi simo Duarani,” aliwaambia. “Nitasema mpaka jioni nikitaka. Vuta, mwanamke!”

Hazel akavuta, na saa tisa kasoro dakika kumi na moja kichwa cha bomba la Thistlecombe kilizunguka.

Alikitoa. Akaingiza kidole, akakitoa kipete. Kilisagika kikawa unga mweusi kiganjani mwake. Kipete kipya hakuwa nacho. Duka la kijiji lilifungwa Ijumaa alasiri, na mji wa karibu ulikuwa maili tisa. Alihitaji mpira, mpira mnene, mgumu, usiotota. Alitazama buti zake: laini mno. Akaangalia miguu iliyomzunguka, jozi themanini na sita, mingi ikiwa mitupu na yenye malengelenge. Macho yake yakapita, yakapita, yakasimama.

“Peregrine,” alisema. “Nipe kiatu.”

Peregrine Lyddon alifungua kinywa. Watu themanini na watano waliinua vidole midomoni. Alikifunga. Akatikisa kichwa. Akaonyesha kiatu, akaonyesha moyo, akachora hewani kwa mikono miwili kitu ambacho wengine walidhani ni gari, wengine jukwaa, wengine mke wa pili. Ilikuwa hotuba yake bora kuliko zote.

“Najua,” alisema Hazel, na sauti yake haikuwa ya vita tena. “Nilikuwapo siku tairi lile lilipopasuka. Mimi ndiye niliyelitoa. Lilibeba jukwaa la kwanza kutoka Bristol, na tulikuwa watu mia tatu na arobaini, na mvua ikanyesha, nawe ulinipa koti lako. Leo tuko mia mbili. Labda mwakani tutakuwa mia. Sikuahidi kwamba tutakuwa wengi, kaka yangu. Nakuomba tu hawa mia mbili wasikie wimbo leo.”

Peregrine alisimama bila kusogea kwa muda wa dakika moja na nusu, kwa kipimo cha saa ya Hazel, naye Hazel hakumharakisha ingawa zilikuwa zimebaki arobaini na sita. Kisha akainama, akafungua kamba ya kiatu cha kushoto, akampa.

Bronwen alitoa kisu. Hazel alikata kisigino cha kiatu, akakata tena, akachonga, akapima, akachonga. Akakitoboa katikati kwa ncha ya kisu. Na saa tisa na dakika nane alikuwa na kipete kimoja cha mpira wa tairi, chenye pembe nne kasoro kidogo, kibaya kwa sura, imara kwa tabia. Akakiweka mahali pake. Akarudisha kichwa, akakaza. Duara likarudi naye kwenye majani yawashayo, safari hii likijua linakokwenda, na hakuna hata mmoja aliyebaki nyuma. Saa tisa na dakika ishirini na nne alifungua koki, wakarudi mbio bombani.

Bomba likakohoa. Likatetemeka toka mguuni hadi kichwani. Tone moja likajitokeza mdomoni mwake, likanenepa, likang'aa, likaning'inia mbele ya macho ya watu themanini na wanane. Halikuanguka.

Lakini vita havikuwa vimekwisha, maana mwiko ulipaswa kurudi. Hazel hakuwa mwizi wa sheria. Aliitumia, sasa ilibidi ailipe heshima yake. Aliutoa mwiko mkandani mwake kiunoni, akauliza kwa macho nani anayetaka kusema kabla Duara halijafungwa. Mkono mmoja ulinyooka. Ulikuwa wa Peregrine.

Alisimama akiwa na kiatu kimoja, akaushika mwiko, akafumba macho, na kila mtu akatafuta mahali pazuri pa kuketi. Neno lake moja lingetosha: hapana yake ya asubuhi ikisimama, bomba lingefunguliwa tena kwa amri ya Duara, na hakuna aliyekuwa hapo, hata Hazel, ambaye angekataa kulifungua. Hazel alitazama saa. Tisa na dakika ishirini na nane. Huko juu, mlango wa banda la kukamulia ulikuwa unafunguliwa.

Peregrine alifumbua macho. Akaliangalia lile tone.

“Maji nayo huchoka,” alisema. “Yamepumzika.”

Akaulaza mwiko katikati.

Saa tisa na dakika ishirini na tisa Duara la Thistlecombe lilifungwa kwa kauli moja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1973, na kwa muda hakuna aliyejua afanye nini. Kisha mtu akapiga kelele, “Horini!”, na wote wakakimbia kupanda kilima, waliolala wakaamka wakakimbia, mbwa wakakimbia, madaktari wawili wa meno wakakimbia na magitaa yao mgongoni, na Peregrine akakimbia kwa kuchechemea, mguu mmoja juu, mmoja chini.

Hori lilikuwa kavu. Walisimama kando ya ua, mia mbili na kumi na mmoja, wakitazama chuma tupu na majani matatu. Dakika nne zikapita. Kisha ndani ya bomba la juu kitu kikagugumia, kikatema hewa, kikatema kutu, na maji yakaja, kwanza uzi, kisha kamba, kisha mkono mzima. Majani yale matatu yakainuka, yakaelea, yakaanza kuzunguka.

Saa kumi kasoro dakika kumi na nne, ng'ombe wa kwanza alitoka bandani. Jina lake Petronella, mwekundu, mwenye umri wa miaka tisa. Alipowaona watu alisita. Akatembea mpaka horini, akainamisha kichwa, akanywa, na koo lake likaonekana likipanda na kushuka mara kumi na tisa.

Ndipo ikapanda sauti ambayo malisho yale hayakuwa yameisikia kwa miaka tisa, shangwe ya watu waliosimama kwa vidole vya miguu, waliokumbatiana, waliotupa kofia. Wakalitaja jina la Hazel wa Spana, wakataja jina la Petronella, wakaushangilia mwaka wa kumi na tatu kana kwamba ni wa kwanza. Na mwanamke mwenye shela la zambarau alilia, safari hii vizuri. Hazel alisimama kati yao, damu ikikauka vidoleni, akihesabu ng'ombe: wa pili, wa tatu, wa nne.

Ivy Northcott alitokea mlangoni mwa banda na ndoo mkononi. Alilitazama hori. Akaiweka ndoo chini, akapiga makofi mara mbili, akaiokota ndoo, akarudi ndani kukamua.